Zamu

Mnara wa taa wa Rasi ya Reinga ni mfupi kuliko picha zake.
Kibao cha manjano kinaelekeza kwetu, Bluff, kusini kabisa:
kilomita elfu moja mia nne na ushee
kama una mbawa,
elfu tatu kama una Dougal.
Tulikuja kwa ndege ili turudi nyumbani kwa miguu.
Dada yangu Verna alisema
watu wazima hupotea hivi hivi, kwa hiari yao.

Miaka ishirini na sita ya ndoa,
yeye zamu ya usiku, kiwanda cha aluminiamu,
mimi mchana, dirishani posta, nikigonga mihuri.
Kitanda chetu hakikupoa hata siku moja
na hatukukilalia pamoja ila Krismasi na mafua.
Nilimjua kwa shimo aliloliacha mtoni,
kwa kikombe kilichosuuzwa nusu,
kwa vibarua juu ya friji:
Maziwa yamekwisha. Paka katapika.
Nakupenda, zima hita.

Siku nne za mchanga mtupu.
Kushoto matuta, kulia bahari ya Tasman,
mbele hakuna kinachokaribia.
Dougal hutangulia, hatua za mtu anayewahi king'ora.
Nami nasoma nyayo zake kama vile vibarua:
hapa alisimama kukojoa,
hapa aligeuka kunitazama,
hapa mguu wa kushoto umeanza kuburuta
na hakusema.

Mama mmoja wa Kimaori, Ngāhuia, na wajukuu wake
walikuwa wakichimbua tuatua kwa visigino, majini.
Mnaenda wapi? Bluff, nikasema.
Akatazama malengelenge yangu, akatazama uso wa Dougal.
"Basi lipo," akasema,
akatujazia sufuria kombe wale wa mchangani, bure.

Usiku ndio uliotushinda.
Hema la kilo moja na nusu, na ndani yake mwanamume
asiyejua giza ni la nini.
Saa nane nasikia zipu. Yuko nje, amekalia mkoba,
analinda bahari isiibiwe.
Lala, nasema.
Nimelala, anasema.

Tuligombana juu ya kijiko kilichopotea.
Hapana. Tuligombana juu ya miaka,
lakini kijiko ndicho kilichokuwa karibu.
Kilomita kumi na tisa bila neno.

Ahipara tulikaa siku sita, vidonda vikauke.
Nilituma nyumbani kilo tatu za vitu
nilivyodhani ni mimi.
Binti wa posta akagonga muhuri kombo.
Nikanyamaza. Nilijisifu sana kwa kunyamaza.

Kisha msitu wa Raetea.
Unapiga viatu brashi kwa ajili ya mikauri,
miti mikubwa inayouguzwa na udongo wa wageni,
halafu unatumbukia topeni hadi magotini.
Humo hakuna nyayo. Tope halihifadhi barua.
Huwezi kutangulia: huyu akizama, yule avute.
Dougal alizama, akatoka bila kiatu,
akacheka.
Kumbe hucheka kwa pua, kama farasi.
Miaka ishirini na sita!

Usiku ule, pembeni mwa malisho ya mtu,
alilala saa mbili, mdomo wazi, tope masikioni.
Mvua ikapiga hema. Ruru, bundi mdogo wa huko,
akaita jina lake mara mbili, akaghairi.
Nikawasha tochi chini ya shuka, nikatazama:
mto wake ni sweta yangu,
na lile shimo nililolitandika maisha yangu yote
leo lina kichwa ndani.
Saa tisa mvua ikakatika. Nilitaka kumwamsha, nimwambie.
Nikaacha. Ilikuwa zamu yangu.

Zimebaki elfu mbili mia nane na kitu.
Kijiko tumekiona. Kilikuwa ndani ya soksi,
soksi yangu.